Siku nane nikifuata mikono ya Wilhelm Leibl

Jumanne, Köln

Nimetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, na hapo hapo likizo yangu imeanza. Nahudumia wazee katika nyumba moja hapa Köln. Kabla sijavua sare nilipita chumba namba 14 kuaga. Bibi wa chumba hicho ana miaka tisini na ushee, na kwao ni kusini kabisa mwa Bavaria, chini ya milima. Ukutani kando ya kitanda chake amebandika kadi ya posta iliyopauka: wanawake watatu wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Miaka miwili nimekuwa nikimuosha uso huku wanawake wale wako pembeni yetu, na siku moja nikauliza ni akina nani. Akaniambia ni picha ya mchoraji Wilhelm Leibl, iliyochorwa ndani ya kanisa la kijiji cha Berbling, na kwamba yeye alipokuwa msichana aliwahi kukaa kwenye mabenchi yale yale.

Leo nilipomwambia naenda kuyaona kwa macho yangu, akanishika mkono. "Angalia kama mbao bado zina maua."

Basi nikaoga, nikanywa chai, sikulala. Nikaenda makumbusho ya Wallraf-Richartz, kwa sababu Leibl mwenyewe ni mtoto wa mji huu. Alizaliwa hapa Köln tarehe 23 Oktoba 1844. Baba yake, Karl, alikuwa kiongozi wa muziki katika kanisa kuu, lile lenye minara miwili ambalo kila anayeshuka kwenye treni hukutana nalo usoni. Wakati huo minara ilikuwa haijakamilika. Ilimalizika 1880, kijana akiwa amekwisha hama siku nyingi. Wazazi walitaka awe fundi wa vyombo vidogo vya chuma, wakampeleka kwa fundi wa vitasa ajifunze mkono. Hakukaa sana. Mwaka 1861 akaanza kufundishwa kuchora na Hermann Becker hapa hapa mjini, na mwaka 1864 akaingia Chuo cha Sanaa cha München.

Makumbusho haya yana picha zake kadhaa. Nilisimama muda mrefu mbele ya bibi kizee wa Paris aliyemchora kati ya 1869 na 1870. Mavazi ni meusi, nyuma ni kweusi, na vinavyojitokeza kwenye giza ni uso na mikono. Nimeshika mikono ya wazee wengi katika kazi yangu, nayo nina mazoea nayo kama mpishi na vyungu vyake. Najua ngozi ya mzee inavyoteleza juu ya mfupa ukiivuta kidogo, na mishipa inavyohama ukiibonyeza. Huyu bwana alikuwa na miaka ishirini na mitano alipoichora mikono ile, na anajua. Nikasema moyoni, hapa kuna mtu aliyeangalia.

Jumatano, njiani

Treni ya Köln kwenda München, zaidi ya saa nne. Nililala karibu safari nzima.

Alhamisi, München

Asubuhi nilikwenda kwanza kwenye bustani ya zamani ya mimea, karibu na stesheni kuu. Ukifika leo utakuta miti, mabenchi na watu wanaopita haraka. Ila hapa ndipo palipokuwa Glaspalast, jumba kubwa la vioo na chuma lililojengwa 1854 kwa ajili ya maonyesho. Liliungua usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1931 pamoja na maelfu ya picha zilizokuwa ndani.

Kwa Leibl, jumba hilo lilikuwa mlango. Mwaka 1869 palifanyika maonyesho makubwa ya kimataifa, na yeye, akiwa bado mwanafunzi, akatundika picha ya Bibi Gedon, mke wa mchongaji Lorenz Gedon, aliyekuwa mjamzito. Mwaka huo Gustave Courbet alikuja München kutoka Ufaransa. Huyu ndiye aliyewatia hasira wakubwa wa Paris kwa kuchora wapasua mawe na mazishi ya kijijini kwa ukubwa uliozoeleka kupewa wafalme. Akaiona picha ya Bibi Gedon, akaipenda, akamtafuta aliyeichora. Novemba ya mwaka huo huo Leibl alikuwa Paris. Mwaka 1870 picha ile ikapata medali kwenye maonyesho ya Salon, halafu vita kati ya Ufaransa na Prussia vikazuka, na ikabidi arudi.

Nilikaa kwenye benchi la bustani nikijaribu kuwaza picha moja tu ya mwanamke mjamzito ndani ya jumba kubwa la vioo lililojaa picha za vita, miungu na wafalme waliovaa dhahabu. Wakati ule chuoni München bwana mkubwa alikuwa Karl von Piloty, na sifa yake ilikuwa hiyo: turubai kubwa, historia, misiba ya watu maarufu. Leibl alipita mikononi mwake. Namheshimu Piloty, alifundisha watu wengi. Lakini mwanafunzi wake alitaka kitu kingine: mtu aliye mbele yako, kama alivyo, bila hadithi ya kumpamba.

Vijana wenzake wakamzunguka, akina Wilhelm Trübner, Carl Schuch, Theodor Alt na Johann Sperl, na hadi leo vitabu vinawaita Duara la Leibl. Angeweza kubaki mjini akawa mwalimu mkubwa. Mwaka 1873 akafunga virago akaenda kijijini, na hakurudi kuishi mjini tena. Alianzia Graßlfing karibu na Dachau, kisha Unterschondorf kando ya ziwa Ammersee, kisha Berbling, Aibling, na mwisho Kutterling. Katika barua zake aliandika kwamba huko, kwenye uwanda wa wazi na kati ya watu wasiojitia makuu, ndiko mtu anakoweza kuchora kwa ukweli.

Jengo la Neue Pinakothek, lenye picha zake kadhaa, lilifungwa kwa ukarabati mwisho wa 2018, na sehemu ya hazina yake imehamishiwa kwa majirani. Sikuhangaika nalo. Mchana nikanunua soksi nzito, nikalala mapema.

Ijumaa, Bad Aibling na Berbling

Treni hadi Rosenheim, kisha kale katreni kadogo ka bonde la Mangfall hadi Bad Aibling. Mji wa watu wanaokuja kujitibu. Wanaogea tope jeusi la kinamasi, kazi iliyoanza hapa tangu 1845. Kutoka stesheni nilitembea kwa miguu kwenda Berbling, mwendo wa kama kilomita tatu. Ukungu ulikuwa umelala kwenye majani, ng'ombe wanasikika kwa kengele kabla hujawaona. Halafu mnara wa kanisa ukatokea.

Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu.

Nilitegemea kanisa la kijijini, jeupe na la kimaskini, kwa sababu ile kadi ya posta ni ya rangi za giza. Kumbe ni kanisa la karne ya 18, la mtindo wa rokoko: plasta imefinyangwa mikunjo kama povu la maziwa, dari lina picha, mwanga unashuka kutoka madirisha ya juu. Leibl alikuwa na yote hayo mbele yake, na karibu yote akayaacha. Akachukua kona moja, mabenchi, na wanawake watatu.

Nikaenda kwenye mabenchi. Ncha za pembeni zimechongwa, na nikapitisha kidole kwenye mchongo. Kwa jicho langu ni mikunjo zaidi kuliko maua, kama majani yanayojiviringisha au wimbi linalorudi, lakini naelewa kwa nini mtoto angeona maua. Mbao zimeng'aa pale mikono inaposhika watu wanapoinuka. Nikapiga picha tatu kwa ajili ya bibi wa namba 14.

Kisha nikakaa. Nilitaka nikae saa moja kamili bila simu, nione mwili unasemaje. Dakika kumi za kwanza ni raha. Dakika ya ishirini baridi inapanda kutoka sakafuni kupitia soli. Ilipofika nusu saa vidole vyangu vilikuwa vigumu, nikaviingiza kwapani. Nilikuwa na koti la kisasa na soksi mpya, na hii ni Oktoba.

Leibl alianza picha ile mwaka 1878 akaimaliza 1882. Kwa sehemu kubwa ya muda huo aliichora humu humu kanisani, wanawake wakiwa wamekaa mbele yake. Namna yake ya kazi ndiyo iliyoleta miaka. Hakuchora mistari kwanza kisha akajaza rangi. Alianza na kipande kimoja, tuseme jicho au kidole, akakimaliza kabisa rangi ikiwa bado mbichi, kisha akahamia kipande cha jirani. Kipande kikikataa, alikikwangua chote akaanza upya. Kwa hiyo hakukuwa na kufunika kosa. Na kwa kuwa alitaka kuona kila uzi, ilibidi waliochorwa warudi tena na tena, watu wenye ng'ombe wa kukamua na majani ya kukata. Katika barua kwa mama yake alisimulia jinsi wakulima walivyokuja kuiangalia kazi, nao bila kuambiwa wakakunja mikono kama wanaosali.

Watu husema jina la mchoraji, na ni haki yake. Ila nilipokuwa nimekaa pale nikitetemeka niliwafikiria zaidi wale wanawake. Miaka ile yote walikuwa wanafanya kazi ngumu kuliko zote ninazozijua, kutulia, na ni kwa shida wanatajwa.

Saa ilipotimia nikatoka nje, nikampigia mama Tanga. Yeye ni fundi cherehani tangu mimi sijazaliwa, na nilikuwa nimemtumia picha ya ile kadi asubuhi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatetemeka, umevaa vizuri?"

"Nimevaa. Umewaona wale wanawake?"

"Nimewaona, nimewakuza mpaka simu imekwama. Huyo binti aliyekaa mbele, aproni yake si ya jikoni hiyo, ni ya kutokea. Angalia inavyolala mapajani, haina kunyanzi la kukaliwa. Huyo mchoraji anajua kitambaa."

"Na huyo bibi mwenye kitabu?"

Akanyamaza kidogo. "Huyo hasomi, mwanangu. Ameshahifadhi. Kitabu amekishika kwa heshima tu."

Sijasoma popote maneno ya namna hiyo juu ya picha ile, na nimesoma mengi.

Jumamosi, Kutterling

Mvua tangu alfajiri. Basi la kwanza nililikosa kwa kusimama upande usio wake wa barabara, na lililofuata lilikuwa baada ya saa mbili, kwa hiyo nikaamua kutembea. Kutterling ni vijumba vichache chini ya mlima Wendelstein, ndani ya wilaya ndogo ya Bad Feilnbach, na njia nzima ni miti ya matofaa. Mzee mmoja aliyekuwa akiokota matofaa chini ya mti aliniona nimelowa, akanijazia mfuko wa koti bila kuniuliza nimetoka wapi. Nilikula mawili palepale. Yana uchachu unaoamsha.

Huku ndiko Leibl alikoishi tangu 1892 hadi karibu na mwisho wake, na hakuwa peke yake. Johann Sperl, rafiki yake wa tangu München, aliishi naye miaka mingi, Aibling na hapa. Hawakuoa. Sperl alikuwa mtu wa bustani, nyasi na miti inayochanua. Leibl alikuwa mtu wa sura na mikono, mwenye mwili wa nguvu na mpenda kuwinda. Kuna picha walizochora wawili kwenye turubai moja: Sperl anaweka shamba na mbingu, Leibl anawaweka watu ndani yake. Mojawapo inawaonyesha wao wenyewe wakiwinda ndege. Huwa nikiiona nafurahi, maana mmoja ameshika nchi na mwingine ameshika watu, na hakuna aliyemfinya mwenzake.

Nilipokuwa najikinga na mvua chini ya paa la ghala niliwaza sana juu ya picha ya majangili. Baada ya wale wanawake watatu, Leibl alijaribu kitu kikubwa zaidi: wanaume wenye bunduki, majangili wa milimani, wamejificha ndani ya chumba. Alihangaika nayo kuanzia 1882 hadi 1886. Chumba alichochorea kilikuwa kidogo, hakuweza kurudi nyuma akaitazama yote kwa pamoja, na ile njia yake ya kipande kwa kipande, iliyombeba kanisani, hapa ikamwangusha. Kila kichwa peke yake ni kizuri ajabu, lakini miili haikukaa pamoja. Mwaka 1888 picha ilionyeshwa Paris, haikupokelewa vizuri. Akachukua kisu akaikata vipande.

Miaka minne. Vipande vingine vimebaki, na viko makumbusho. Kuna wanaomwona shujaa kwa kuikata, mimi inaniuma. Ningependa kuiona nzima pamoja na makosa yake. Kwani hata kwenye wale wanawake watatu, ukiangalia kwa makini, mikono ya binti ni mikubwa kuliko inavyotakiwa na paja lake ni refu. Hakuna aliyedai ikatwe.

Baada ya hapo mkono wake ulilegea, kwa maana njema. Picha za Kutterling ni za wanawake jikoni, mwanga wa dirisha, kingo laini, rangi imepakwa kwa brashi pana. Anayeijua miaka ya Berbling ataona ni kama mtu mwingine. Lakini mikono bado inafanya kazi.

Jumapili, Würzburg

Moyo ndio uliomwangusha Leibl. Alikwenda Würzburg kutibiwa na akafia huko tarehe 4 Desemba 1900, akiwa na miaka hamsini na sita. Amezikwa makaburi makuu ya mji. Sperl aliishi hadi 1914, na alipofariki Aibling alipelekwa Würzburg kulazwa kando ya rafiki yake.

Nilikuwa nimebakiwa na matofaa matatu mfukoni. Nikaweka mawili pale, moja moja, nikasimama kidogo, nikaondoka.

Jumatatu

Makumbusho mengi ya Ujerumani hayafungui Jumatatu. Nilisafiri kwenda Hamburg, nikafua soksi kwenye sinki la hosteli.

Jumanne, Hamburg

Hamburger Kunsthalle iko hatua chache kutoka stesheni kuu. Niliingia milango ilipofunguliwa, nikapita vyumba bila kugeuka, nikaikuta.

Jambo la kwanza: ni ndogo. Sentimita 113 kwa 77, rangi ya mafuta juu ya ubao wa mkangazi. Nilikuwa nimeibeba kichwani kama ukuta mzima, kumbe ningeweza kuikumbatia. Jambo la pili: kadi ya posta imekuwa ikidanganya miaka yote. Pale kadi ilipoonyesha weusi, hapa kuna kijani, bluu ya usiku, kahawia ya gome. Aproni ya binti ina vimichoro vidogo vidogo vinavyofuata kila mkunjo, vinabanana kwenye kiuno na kutanuka kwenye goti, na mama yangu alikuwa sahihi, ni nguo ya kutokea, imepigwa pasi ikakunjuliwa leo asubuhi.

Nikasogea hadi mlinzi akakohoa. Nikarudi nusu hatua.

Mikono ya binti imeshika kitabu cha sala. Ni mikono ya mkulima wa miaka ishirini: minene, mizito, imeshika kitu kidogo kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kushika vikubwa. Yule aliyefumbata mikono yake kwa sala ameibana hasa, vidole vimesukumana. Na bibi mzee ameinama juu ya kitabu chake. Nilimwangalia macho, nikimkumbuka mama. Kope zimeshuka, mdomo umefungwa na umevutwa kidogo ndani, vile midomo ya wazee inavyoingia meno yakiisha. Mikono inayoshika kitabu ina mishipa, na juu ya fundo la kidole ngozi imekusanyika katika vimikunjo vitatu au vinne, kila kimoja na kivuli chake chembamba. Naosha mikono kama hiyo kila asubuhi. Kuna mzunguko wa kitambaa unaoupitisha pale kwenye fundo ili usimuumize mtu. Nilijikuta nakizungusha kidole changu hewani.

Mwaka 1878, katika nchi iliyokuwa imejaa sanamu za majenerali waliotoka kushinda vita, mtu aliketi kanisani kijijini akampa bibi huyu miaka ya uhai wake, fundo kwa fundo. Waliomsifu walimlinganisha na Holbein, mchoraji wa wafalme wa zamani. Kwangu mlinganisho huo ni wa haki kwa mkono wake. Kuhusu moyo, nadhani alikuwa karibu zaidi na wale waliokuwa wakija kanisani kuiangalia kazi wakiwa bado na matope kwenye viatu.

Kisha nikatazama chini, pembeni, kwenye mbao za benchi. Ule mchongo niliopitisha kidole Ijumaa uko pale, umechorwa kwa subira ile ile iliyopewa sura za watu, hadi ule mng'ao wa mbao zilizoshikwa sana.

Nikapiga picha ya benchi lililochorwa, nikaiweka pamoja na zile tatu za Berbling, nikamtumia mwenzangu aliyekuwa zamu Köln amwonyeshe bibi wa chumba namba 14. Nilikuwa bado nimesimama pale jibu lilipoingia.

"Ameziangalia zote. Anasema ndiyo, hayo ndiyo maua. Anauliza: mabenchi bado ni ya baridi vile?"

Nikamwandikia: mwambie nilikaa saa moja, na vidole vyangu viliganda.